Maili Hamsini

Lori la tatu lilipompita Odilia Tluway, dereva wake alitoa mkono dirishani akaupunga polepole, kama mtu anayemuaga mgonjwa kitandani. Kisha vumbi likashuka. Kokoto moja ikagonga kioo cha mbele, na kwa muda Odilia hakuona barabara wala boneti ya gari lake mwenyewe. Aliona wekundu mtupu. Hakukanyaga breki. Alilegeza mguu, akashika usukani kwa mikono miwili, akasubiri vumbi litawanyike, meno yamebana mpaka taya likamuuma.

"Hata lile bovu lenye taa moja!" alisema Ndugu Philemon, meneja wa mradi, aliyekaa kushoto kwake. "Linatupita kama tumeegesha."

"Nimeliona, Ndugu Meneja."

"Umeliona, halafu?"

Odilia alitupia jicho dashibodi. Kisahani cha mwendo kilisoma hamsini, na pale pale alikusudia kibaki.

Ulikuwa mwezi wa saba mwaka sabini na tano, ngano ikivunwa Basotu, na barabara ya kutoka Babati kwenda Katesh ilijaa magari kuliko siku nyingine zote za mwaka. Malori yalikwenda matupu na kurudi yamejaa. Siku hiyo palikuwa na zaidi ya hayo: mgeni mkubwa kutoka mkoani alitarajiwa Basotu saa tano kuhutubia vijiji vipya, na kila ofisi yenye gari ilikuwa njiani. Ndugu Philemon alikuwa na hotuba yake ya kurasa sita juu ya visima, ameikunja kwenye mfuko wa shati, na tangu Endasak alikuwa ameshaitoa na kuirudisha mara nne.

Odilia alikuwa na miaka ishirini na minane. Alizaliwa Dongobesh, akajifunza kuendesha gari jeshini akiwa kwenye mafunzo ya Kujenga Taifa, na kwa miaka mitano sasa alikuwa dereva wa Mradi wa Visima, mwanamke pekee kati ya madereva wanne. Wenzake walimwita Konokono. Walimwita hivyo usoni, uani, mbele ya makarani, na yeye aliwatazama tu, kwa sababu aliwajua. Mwaka uliotangulia, mafuta yalipopanda bei dunia nzima, waraka ulikuja kutoka juu, na Ndugu Philemon mwenyewe aliwapanga wote wanne chini ya jua akawasomea: gari la umma lisizidi kilomita themanini kwa saa. Atakayezidi, alisema, anakunywa jasho la mkulima. Wote walitia sahihi. Baada ya wiki moja watatu walikuwa wamesahau.

Yeye hakusahau, na haikuwa kwa kuupenda waraka. Land Rover yake ilikuwa imechoka. Usukani ulicheza, na breki zilivuta kushoto. Ukizikanyaga kwa nguvu, gari lilikimbilia pembeni kama ng'ombe aliyeona maji. Aliandika jambo hilo kwenye kitabu cha safari mara tatu, kwa tarehe tatu. Vipuri havikuja. Kwa hiyo alikwenda mwendo ambao gari lilimsikia, na watu waliotembea ukingoni mwa barabara na mizigo yao kichwani hawakulazimika kurukia mtaroni.

"Waraka unasema themanini," Ndugu Philemon alianza tena. Aliinama akakitazama kisahani. "Wewe uko hamsini. Hata hiyo ruhusa yenyewe hujaifikia!"

"Hizi ni maili, Ndugu Meneja. Gari hili ni la zamani, linahesabu maili. Maili hamsini ndizo kilomita themanini."

Nyuma, kwenye benchi la pembeni, Mwalimu Benedikta alikohoa. Alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, mwanamke mpole aliyehamishiwa Babati mwaka mmoja nyuma kutoka mbali, naye aliomba usafiri ili apeleke vitabu vya kusomea na chaki. Alilikumbatia boksi lake kama mtoto.

"Usinifundishe hesabu," Ndugu Philemon alisema hatimaye. "Na waraka ule ni wa siku za kawaida. Leo ni siku ya kawaida?"

"Breki ni zile zile za siku za kawaida."

Alijua amejibu vibaya. Hakujali. Alikuwa na hasira tangu asubuhi, hasira ya mtu anayekaripiwa kwa kutii alichoamriwa na huyo huyo anayemkaripia, na kila honi iliyolia nyuma yake iliiongeza. Basi moja lilikuja likamsukuma kwa honi kwa muda mrefu, halikupata nafasi, kisha likapita kwenye kona isiyoonyesha mbele, abiria wakichungulia kumwona ni nani huyo. Waliona mwanamke, wakacheka.

Walipoipita Katesh na kushika njia ya Basotu, Land Rover nyingine, mpya, ya ofisi nyingine ya wilaya, ilikuja kwa kasi ikawapita. Ndani yake alikaa ofisa aliyekuwa akigombea na Ndugu Philemon kila kitu, kuanzia mafuta hadi kiti cha mbele mikutanoni. Aliinua kofia yake, akatabasamu.

"Simamisha," Ndugu Philemon alisema.

"Ndugu Meneja..."

"Simamisha gari!"

Alisimamisha. Ndugu Philemon alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva.

"Shuka. Kaa kule."

"Breki zinavuta kushoto," Odilia alisema. "Nimeandika mara tatu. Ukizikanyaga ghafla..."

"Nimeendesha magari wewe ukichunga mbuzi. Shuka."

Akashuka. Baadaye, kwa siku nyingi, jambo hilo ndilo lililomla kuliko yote: kwamba ufunguo ulikuwa mkononi mwake, ameshauchomoa, akaurudisha mahali pake, akashuka, akaketi upande wa abiria na mikono yake mapajani.

Ndugu Philemon aliendesha kama mtu anayelipiza kisasi. Hamsini, hamsini na tano, sitini. Vijituta vya barabara viliitetemesha bodi mpaka skrubu zikalia, na boksi la Mwalimu Benedikta likaanguka, chaki zikamwagika sakafuni. Usukani ulianza kutangatanga. Maeneo ya Mogitu walilifikia lile lori lenye taa moja. Vumbi lake lilikuwa zito, lakini Ndugu Philemon hakurudi nyuma. Aliingia ndani ya vumbi lile akibonyeza honi, akitafuta upande wa kupita.

"Punguza!" Odilia alipiga kelele. "Huoni mbele!"

Lori lilisogea kulia kumkwepa mtu. Ndugu Philemon alimwona mtu huyo amechelewa: mzee, anasukuma baiskeli yenye gunia, kushoto kabisa mwa barabara, mahali pake halali. Alikanyaga breki kwa mguu wote. Gari likavuta kushoto.

Mlio haukuwa mkubwa. Baiskeli ilikwenda chini, gunia likapasuka, mahindi yakatawanyika kwenye vumbi, na gari likasimama na gurudumu moja mtaroni.

Odilia alikuwa wa kwanza kufika. Mzee alikuwa amelala ubavu, macho wazi, mguu wa kulia umepinda chini ya goti mahali ambapo mguu haupindi. Alimsalimu. Hata yeye alishangaa kujisikia akisema shikamoo wakati kama huo, na mzee, akihema, akaitikia marahaba. Jina lake lilikuwa Sulle. Odilia alimwambia kwa Kiiraqw asijisogeze, naye, aliposikia lugha yake, alimshika mkono akaubana kwa nguvu.

"Alijitupa barabarani," Ndugu Philemon alikuwa akisema. Alisimama kando ya gari, kofia mkononi. "Mmeona wenyewe. Alijitupa."

Mwalimu Benedikta alivua khanga aliyojifunga juu ya gauni, akaipasua kwa meno, na pamoja na Odilia wakaufunga mguu kwa vipande viwili vya ubao wa boksi la chaki. Watu waliotoka mashambani waliwasaidia kumpakia mzee nyuma na kulisukuma gari kutoka mtaroni. Odilia alikwenda mlango wa dereva, akachomoa ufunguo, akaushika mbele ya uso wa Ndugu Philemon.

"Kaa kule," alisema.

Akakaa.

Walirudi kuelekea hospitali kwa mwendo wa maili kumi na tano kwa saa. Odilia alilitafutia kila gurudumu mahali pake. Kila kijituta, kila shimo, mzee alilisikia mfupani, na kila alipolia, Mwalimu Benedikta alilia pamoja naye. Sasa walikwenda kinyume na msafara. Magari ya mkutano yaliwapita yakikimbilia Basotu, na malori yenye ngano yalikuja nyuma yao, yakapiga honi, yakawapita, yakawafunika vumbi. Dereva mmoja aliinama dirishani akapaza sauti: "Mama, teremka usukume!"

"Ongeza mwendo!" Ndugu Philemon alisema. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Unataka afie humu ndani? Ongeza!"

"Nyamaza."

"Unasema nini?"

"Nasema nyamaza. Ulitaka kukimbia, umekimbia. Mfupa wake umekatika. Nikikimbia utatoka nje ya nyama. Ukisema neno jingine nitakushusha hapa hapa, uende Basotu kwa miguu na hotuba yako."

Hakuwahi kuzungumza hivyo na mkubwa wa kazi, wala na mwanaume yeyote wa umri ule. Maneno yalimtoka moto, na yalipokwisha kutoka hakujuta hata moja. Ndugu Philemon alitazama dirishani njia nzima.

Hospitalini walimpokea mzee Sulle wakamwingiza ndani. Ndugu Philemon alimwita Odilia nje, nyuma ya ukuta wa jiko, na sauti yake ilikuwa imekuwa laini.

"Ndugu Odilia. Sote tumeshtuka. Tuzungumze kama watu wa kazi moja. Kitabu cha safari cha leo kina jina la nani?"

"Langu. Niliandika asubuhi."

"Basi. Dereva ni wewe. Ajali ni ajali, haina mtu. Watakunyang'anya leseni miezi michache, nami nitakuweka ofisini, kwenye kivuli, mshahara wako upo. Lakini wakiandika jina langu, mradi unasimama. Vijiji kumi na vinne vinasubiri maji. Akina mama wanatembea mwendo wa saa tatu na ndoo. Utawafanyia hivyo?"

Odilia alimtazama. Kilichomchoma hakikuwa uongo wenyewe. Ni zile ndoo. Mama yake alibeba maji Dongobesh mpaka nywele za utosini zikaisha, na huyu mtu alikuwa amezichukua ndoo za akina mama akajificha nyuma yake.

"Siandiki," alisema.

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu Babati. Siandiki, sisaini, na ukiniuliza tena nitapiga kelele mpaka wagonjwa watoke nje."

Kwa hiyo aliandika Ndugu Philemon mwenyewe. Maelezo yake yalikuwa mazuri, ya kurasa mbili, yenye masikitiko. Dereva, yalisema, alikuwa amechelewa kwa kutembea polepole mno, akataharuki, akajaribu kufidia muda asiouweza. Polisi aliyekuja kesho yake kumhoji Odilia aliyasoma, akamtazama, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Dada yangu, Land Rover ni gari zito."

"Nililiendesha miaka mitano."

"Mzee mwenyewe alizimia alipofikishwa hospitali, hakumbuki vizuri. Na mwalimu anasema alikuwa nyuma, palikuwa na vumbi, hakuona nani ameshika usukani."

Odilia alidhani amesikia vibaya. Alimwomba arudie. Polisi akarudia.

Leseni ilichukuliwa, akaambiwa asubiri kesi. Uani, ilipokuwa Land Rover yake, palikuwa na doa la mafuta. Wenzake hawakumcheka sasa, na hilo lilikuwa baya zaidi, walimwonea huruma. "Siku moja tu Konokono kajaribu kukimbia," alimsikia mmoja akimwambia karani. Alitaka kumrukia. Alikwenda zake, akatembea mji mzima bila kujua anakwenda wapi, mpaka akajikuta kwenye nyumba za walimu.

Mwalimu Benedikta alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Alipomwona aliinuka, ungo ukamwegemea kifuani.

"Karibu, dada."

"Sikaribii. Nimekuja kuuliza swali moja. Hukuona?"

"Odilia, tafadhali, majirani..."

"Wasikie! Hukuona tulivyobadilishana viti? Hukusikia nikisema breki zinavuta kushoto? Nilisema mara ngapi?"

Benedikta aliketi tena. Vidole vyake viliendelea kuchambua maharage, mawe na mbegu nzuri pamoja, akiyatupa yote upande mmoja.

"Yeye yuko kwenye kamati ya kugawa nyumba," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ni mgeni hapa. Mume wangu ameomba uhamisho aje tuishi pamoja, miaka miwili sasa, na barua inapita kwa watu wanaokula na Ndugu Philemon. Alikuja hapa jioni ile ile. Hakunitisha. Aliuliza tu kama watoto wameizoea nyumba."

"Na mzee Sulle naye aliulizwa kama ameuzoea mguu?"

"Usiniseme hivyo."

"Nikuseme vipi? Uliipasua khanga yako kwa meno, nikasema moyoni, kumbe huyu ni mtu. Kumbe ulikuwa unaogopa damu tu!"

Benedikta alianza kulia. Wakati mwingine Odilia angeketi, angemshika bega. Siku hiyo machozi yale yalimwongezea hasira, kwa sababu yalikuwa rahisi, yalikuwa pale pale karibu, na kwa polisi hayakutoka. Aliondoka bila kuaga. Njiani alingoja aibu imjie kwa kumfokea mwanamke mlangoni kwake, mbele ya majirani. Haikuja.

Kesi ilisikilizwa wiki ya tano. Mzee Sulle aliletwa na wanawe, akitembea kwa magongo, na alipoulizwa nani alimgonga alimwonyesha Ndugu Philemon kwa kidole, bila haraka.

"Huyu alikuwa na kofia. Akashuka mlango wa kulia. Huyu binti alishuka mlango mwingine, akanisalimu."

Ndugu Philemon aliinuka kwa adabu, akasema anamheshimu mzee, ila mtu aliyevunjika mguu, kwenye vumbi, tena akazimia, akili yake huchanganyika. Hakimu aliandika. Odilia aliona kalamu ikienda, akahisi damu ikimpanda masikioni. Aliposimama kujieleza, alieleza kwa ukali mpaka hakimu akamwambia apunguze sauti. Akasema kitabu cha safari kiletwe, kisomwe tarehe tatu za breki. Kikaletwa. Kurasa zilikuwepo. Lakini kurasa za breki hazikusema nani alishika usukani.

Ndipo Mwalimu Benedikta akaitwa.

Alisimama, mikono ameishikanisha mbele. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Hakimu akamwuliza mara ya pili.

"Niliwadanganya polisi," alisema. "Niliona. Ndugu Philemon alimshusha dereva baada ya Katesh. Dereva alimwambia breki ni mbovu, akamwambia punguza, akamwambia huoni mbele. Njia nzima kabla ya hapo tulikuwa kwenye maili hamsini, na Ndugu Philemon alimkaripia kwa hilo tangu Endasak." Akamtazama hakimu. "Alikuja kwangu jioni ile. Akaniuliza habari za nyumba."

Ndugu Philemon alisema, "Mwalimu!" kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa, na hakimu akamwamuru akae chini.

Kesi ya Odilia ikafutwa, ikafunguliwa nyingine kwa jina jingine. Ndugu Philemon alipigwa faini. Hakufungwa. Kabla ya mwaka kwisha alihamishiwa mkoa wa mbali, na habari zilizorudi zilisema amepewa mradi mkubwa kuliko ule. Mguu wa mzee Sulle ulipona ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, na hakuna ofisi iliyomrudishia baiskeli. Wanawe walichanga wakanunua. Vipuri vya breki vilikuja mwezi wa kumi na moja. Karani alimkabidhi Odilia leseni na ufunguo juu ya meza, akamwonyesha mahali pa kusaini, akaendelea kugonga mihuri. Hakuna aliyesema pole. Alisimama pale kidogo akingoja, kisha akauchukua ufunguo kwa nguvu hata ukakwangua ubao wa meza, akatoka.

Mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, siku moja, nje kidogo ya Nangwa, alimwona mwanamke ameinua mkono ukingoni mwa barabara, boksi limekaa chini miguuni mwake. Alimtambua akiwa bado mbali. Alifikiria kupita. Mguu ukaondoka wenyewe kwenye pedali ya mafuta, gari likasimama.

Benedikta alifungua mlango wa mbele, akasita.

"Nyuma au mbele?"

"Mbele kuna nafasi."

Benedikta aliingia na boksi lake, gari likaondoka. Basi moja lilipiga honi nyuma yao, likapita. Benedikta alimweleza kwamba amehamishwa nyumba, sasa anakaa chumba kimoja karibu na soko, na kwamba barua ya mume wake bado haijajibiwa. Hakulalamika. Alieleza tu, kama mtu anayetoa taarifa. Odilia alisikiliza bila kugeuza shingo.

"Nilichelewa," Benedikta alisema baadaye.

"Wiki tano."

"Bado una hasira na mimi?"

"Ndiyo."

Benedikta alitazama mashamba yaliyoanza kuota. "Mpaka lini?"

"Sijui," Odilia alisema, akabadili gia. "Jishike hapo mbele, tunaingia korongoni."